Ukitaka kuiona Mexico City, njoo Oktoba

Ndugu zangu wa Tanga na Dar es Salaam, wakishajua kwamba ninaishi Mexico City na kwamba chumba cha wageni kipo, huniuliza swali moja: "Tuje lini?" Wanatarajia niseme wakati wowote, karibuni sana. Mimi huwajibu bila kupepesa macho: njooni Oktoba. Desemba hapana, hata kama ndipo mnapopata likizo. Julai hapana. Aprili, mwezi unaosifiwa na wauza safari wengi, ndiyo kabisa hapana.

Mama yangu mdogo, ambaye hakubali jambo kabla ya kulipinga, alinipigia simu kudai maelezo. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze, mwezi wa nne una ubaya gani hata unikataze kuja?" Makala haya ni yale maelezo niliyompa, nikiyapanua kidogo ili yawafae na wengine.

Jiji lililo ndani ya sufuria

Mexico City imekaa kwenye bonde lililo mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi kwa zaidi ya mita 400. Milima imelizunguka karibu pande zote, na miwili kati yake, Popocatépetl na Iztaccíhuatl, inapita mita 5,000. Hapo chini zamani palikuwa na maziwa. Waazteki walijenga mji wao wa Tenochtitlan kisiwani, Wahispania wakauteka mwaka 1521, na katika karne zilizofuata maji yakaondolewa kidogo kidogo mpaka jiji likaenea juu ya tope la ziwa. Tope hilo bado linadidimia. Mnara wa Malaika wa Uhuru, kwenye barabara ya Paseo de la Reforma, ulizinduliwa mwaka 1910 ukiwa na ngazi 9. Tangu hapo zimeongezwa 14, kwa sababu mnara una misingi mirefu na umebaki palepale huku ardhi inayouzunguka ikishuka.

Umbo hili la sufuria ndilo linalopanga kalenda yetu. Maji ya mvua hayana njia ya asili ya kutokea, na hewa chafu nayo hukwama chini huku upepo ukipita juu ya ukingo wa milima. Kwa hiyo kila msimu una kero yake: ama hewa imekwama, ama maji yamekwama. Mgeni anayechagua mwezi wa kuja anachagua kero atakayoivumilia. Oktoba ndipo zote mbili zinapopumzika kwa pamoja.

Kiangazi: baridi, maua, kisha moshi

Kiangazi huanza Novemba na kwenda hadi Aprili. Mwanzo wake ni mzuri, ila Desemba na Januari zina baridi ambayo wageni wetu hawaitarajii wanaposikia jina la Mexico. Alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 6, wakati mwingine chini ya hapo. Mtu wa Njombe au Lushoto ataicheka baridi hiyo. Sisi wa pwani hatucheki. Nyumba nyingi za hapa hazina vifaa vya kupasha joto, na sakafu ni vigae vitupu. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi unatembea kwa ncha za vidole mpaka jikoni. Saa sita mchana jua linawaka, joto limefika nyuzi 21, sweta umelifunga kiunoni. Jua likizama unalivaa tena. Hivyo ndivyo siku inavyokwenda, wiki baada ya wiki, bila tone la mvua.

Asubuhi hizo za baridi zina tatizo lingine. Hewa baridi ni nzito na hulala chini ya bonde, hewa yenye joto kidogo ikaifunika juu yake. Moshi wa magari na wa fataki za sikukuu hukosa pa kwenda mpaka jua lipande na kukivunja kifuniko hicho. Ukisimama juu ya jengo refu saa mbili asubuhi, unaona utando wa rangi ya kahawia umelala juu ya mapaa.

Mwishoni mwa Februari mijakaranda inachanua. Msomaji wa Nairobi au Arusha anaijua miti hii, ila yeye huiona zambarau yake Oktoba na Novemba. Hapa, kaskazini mwa ikweta, maua hudumu hadi mwanzoni mwa Aprili. Asili ya mti huo ni Amerika Kusini, na ulienea katika barabara za jiji hili kwa ushauri wa mtunza bustani Mjapani, Tatsugoro Matsumoto. Serikali ya Rais Pascual Ortiz Rubio, aliyetawala tangu 1930 hadi 1932, ilitaka kupanda micheri ya Kijapani kama ile ya Washington. Matsumoto alieleza kwamba majira ya baridi ya hapa hayana ukali wa kutosha kuufanya mcheri uchanue vizuri. Mjakaranda hauna masharti hayo. Leo, Machi ikifika, njia za miguu katika mitaa ya Roma na Condesa hugeuka zambarau, na wafagiaji hawamalizi kazi.

Sasa niseme ubaya wa mwezi wa nne. Jua limekuwa kali, mawingu hayapo, upepo umelala. Gesi zinazotoka kwenye magari na viwanda, zikipigwa na jua la namna hiyo, hugeuka kuwa ozoni, na ozoni ikiwa karibu na ardhi ni sumu ya mapafu. Msimu wake ni kuanzia katikati ya Februari hadi mvua zikolee mwezi wa sita. Siku kipimo kikipanda kupita kiasi, serikali ya jiji hutangaza dharura: magari mengi zaidi hukatazwa barabarani kulingana na tarakimu ya mwisho ya namba zake, na shule huambiwa zisiwatoe watoto kucheza nje mchana. Utaratibu wa kupumzisha magari kwa zamu upo tangu 1989.

Hali ni nafuu kuliko ilivyokuwa. Mwaka 1991 kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta kilichokuwa ndani ya jiji, huko Azcapotzalco, kilifungwa, na petroli yenye risasi ikaondolewa baadaye. Hata hivyo, Aprili na Mei bado macho yananiwasha nikipanda baiskeli, na koo hukauka. Mama mdogo ana pumu. Nilipofika hapo kwenye maelezo yangu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi endelea."

Miezi hiyo ndiyo pia yenye uhaba wa maji. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka kwenye visima, na sehemu nyingine husukumwa kutoka mabwawa ya mbali ya mfumo wa Cutzamala, ambayo mwishoni mwa kiangazi huwa yamepungua. Mwaka 2024 yalishuka hadi watu wakaanza kuulizana ni siku gani mabomba yatakauka kabisa. Mgeni wa hoteli hawezi kuligundua hilo. Sisi tunaosubiri lori la maji mtaani tunalijua.

Mvua ya saa kumi

Mvua huanza Mei, hukolea Juni, na kilele chake ni Julai na Agosti. Wageni wengi huiogopa. Mimi, niliyekulia palipo na masika, naiona ni mvua yenye adabu, kwa maana inakuja kwa saa zake. Asubuhi mbingu ni safi, hewa imeoshwa, na zile volkano mbili, Popocatépetl na Iztaccíhuatl, zinaonekana mashariki na theluji vichwani. Mchana joto hupanda pamoja na mvuke, mawingu yanajikusanya juu ya milima, na ikifika saa kumi alasiri, au saa kumi na moja, yanafunguka.

Uione mvua hiyo kwenye mlango wa kituo cha metro cha Pino Suárez. Dakika moja kabla, muuzaji wa chaja za simu anatazama juu, anakunja bidhaa zake, na kutoka chini ya meza anavuta boksi la miavuli na makoti ya nailoni. Tone la kwanza likianguka, tayari ameshaanza kupiga kelele za bei. Watu wanaotoka na wanaotaka kuingia wanabanana ngazini. Harufu ya nguo mbichi, ya mahindi ya kuchemsha na ya mitaro inachanganyika. Mara mvua inageuka mawe, yanadunda kwenye mabati ya vibanda, na hakuna anayesikia bei tena. Chini, treni za njia zinazopita juu ya ardhi zinapunguza mwendo kwa usalama, na foleni inarudi hadi kwenye mageti. Saa moja na nusu baadaye mvua imekatika, hewa imepoa, na yule muuzaji ameshazirudisha chaja zake mezani.

Hapo ndipo ile kero ya maji yaliyokwama inapoonekana. Mafuriko makubwa ya mwaka 1629 yaliliacha jiji ndani ya maji hadi 1634, na wapo waliopendekeza lihamishwe. Tangu hapo kila kizazi kimechimba mfereji au handaki. La karibuni, lenye urefu wa kilomita 62, lilizinduliwa Desemba 2019. Bado barabara za chini ya madaraja hujaa, teksi za kuitwa kwa simu hupandisha bei, na safari ya nusu saa kwenda uwanja wa ndege yaweza kuwa ya saa mbili. Mtu mwenye ndege ya jioni mwezi wa Agosti aondoke nyumbani saa nane mchana.

Lakini aliyekuja kula aje wakati wa mvua. Agosti na Septemba mikahawa hupika chiles en nogada: pilipili kubwa ya kijani isiyo kali sana, iliyojazwa nyama ya kusaga na matunda, ikamwagiwa mchuzi mweupe wa jozi mbichi na kunyunyiziwa punje nyekundu za komamanga. Jozi na komamanga huiva majira hayo, ndiyo maana ukikiagiza chakula hicho Februari utaletewa cha kubahatisha.

Sokoni pia utakuta huitlacoche. Huu ni ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyonyeshewa, ukavimbisha punje mpaka zikawa kubwa na za kijivu, ndani nyeusi kama wino. Mkulima wa kwetu akiona bunzi la namna hiyo hulitupa mbali na shamba. Hapa huuzwa ghali kuliko mahindi mazima, hukaangwa na kitunguu, na kuwekwa ndani ya chapati ya mahindi pamoja na jibini. Ladha yake iko katikati ya uyoga na mahindi ya kuchoma. Mahindi yenyewe asili yake ni nchi hii, kwa hiyo sina ubishi nao kuhusu namna ya kuyala.

Kwa nini Oktoba

Oktoba mvua zinafungasha. Zipo siku za manyunyu, hasa wiki ya kwanza, lakini dhoruba za kila jioni zimekwisha. Vumbi na moshi vimeoshwa kwa miezi mitano, na baridi ya kuuwekea moshi kifuniko bado haijafika. Mchana joto ni nyuzi 23 hivi, usiku 11 au 12. Mabonde ya kusini, kuanzia Xochimilco, ni ya kijani, na kwenye mifereji yake mashua za rangi zinapita kando ya mashamba ya cempasúchil, maua ya njano iliyokolea ambayo kila nyumba itayahitaji kwa sikukuu ya wafu.

Nenda Soko la Jamaica alfajiri mwishoni mwa mwezi huo. Malori yanapakua maua hayo kwa mafungu makubwa yanayombana mbebaji kidevuni, wabebaji wanapita mbio wakipiga mluzi ili uwapishe, na sakafu imejaa petali. Harufu yake ni kali, inakaribia ya dawa, na inakufuata hadi ndani ya metro. "Chukua mafungu mawili leo, dada, kesho bei si hii," muuzaji ananiambia kila mwaka, na kila mwaka anasema kweli.

Waandaaji wa Michezo ya Olimpiki waliujua uzuri wa mwezi huu. Michezo ya mwaka 1968 haikufanyika Julai wala Agosti, kwa sababu ya mvua. Iliwekwa tarehe 12 hadi 27 Oktoba. Watu wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuikumbuka. Katika hewa hii nyepesi iliyowaangusha wakimbiaji wa nchi za tambarare, Naftali Temu aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mita 10,000. Tarehe 20 Oktoba Kipchoge Keino alimwacha mbali Mmarekani Jim Ryun katika mita 1,500. Jioni ya siku hiyohiyo, katika uwanja wa Chuo Kikuu, Mtanzania John Stephen Akhwari aliingia akichechemea, goti limefungwa bandeji baada ya kuanguka njiani, akamaliza marathoni zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Uwanja huo upo hadi leo, ukuta wake wa mbele ukiwa na picha ya mawe ya rangi iliyobuniwa na Diego Rivera. Wageni wangu wote huwapeleka pale kabla ya kuwapeleka kwenye piramidi za Teotihuacan.

Sikukuu zinazovuruga hesabu

Hali ya hewa haitoshi kuchagua tarehe. Watu nao wana msimu wao. Siku za mwisho za Oktoba na mwanzo wa Novemba jiji hufurika. Gwaride kubwa la wafu, ambalo wageni wengi hudhani ni la karne na karne, lilianza mwaka 2016, baada ya filamu ya James Bond ya mwaka 2015 kuonyesha gwaride la kubuni katikati ya jiji. Mbio za magari za Formula One nazo kwa kawaida huangukia wikiendi ya karibu na hapo, na bei za hoteli huruka. Anayetaka sikukuu yenyewe zaidi ya gwaride aende Mixquic, kusini-mashariki, usiku wa tarehe 2 Novemba, familia zinapokaa makaburini na mishumaa. Aende kwa heshima, maana pale watu wako na marehemu wao.

Septemba 15 usiku, rais hutokea kwenye roshani ya ikulu na kuukumbuka uhuru, uwanja wa Zócalo ukiitikia. Siku nne baadaye, tarehe 19, ving'ora vya tetemeko hulia jiji zima kwa ajili ya mazoezi, kwa kumbukumbu ya tetemeko la 1985. Mwaka 2017 tetemeko la kweli lilipiga siku hiyohiyo, saa mbili hivi baada ya mazoezi, na mwaka 2022 likatokea tena. Matetemeko hayana msimu. Wataalamu wanasema ni sadfa tu. Jirani zangu wanawasikiliza wataalamu, kisha siku hiyo wanalala na viatu karibu na kitanda.

Desemba 12 mamilioni ya mahujaji humiminika kwenye Basilika ya Bikira Maria wa Guadalupe, wengine kwa miguu kutoka majimbo jirani. Kwa Mkatoliki hiyo yatosha kuwa sababu ya kuvumilia baridi. Wiki ya Pasaka, kinyume chake, wakazi huhamia pwani, barabara zinabaki tupu, na ukiukubali moshi utalitembea jiji kwa raha. Ila Ijumaa Kuu usikaribie Iztapalapa kama huwapendi watu wengi: igizo lao la mateso ya Yesu, linalofanyika tangu 1843, huvuta umati mkubwa mno.

Kabla ya kukata tiketi

Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya wanahitaji viza ya Mexico, na ubalozi upo Nairobi. Kwa muda mrefu wenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza au nchi za Schengen wameruhusiwa kuingia bila viza ya Mexico, lakini masharti hubadilika, kwa hiyo uliza ubalozini kwanza. Ukifika, siku mbili za mwanzo usijitie ushujaa: tembea taratibu, kunywa maji, na usishangae moyo ukienda mbio kwa ngazi za ghorofa moja. Jua la mwinuko huu huunguza hata palipo baridi, hivyo kofia ni ya lazima. Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia hufungwa Jumatatu. Teotihuacan, yenye piramidi, ni kilomita 50 hivi kutoka mjini. Nenda mapema asubuhi, msimu wowote ule.

Na usichanganye jiji hili na pwani. Ukitaka kuunganisha safari na Cancún au Acapulco, Oktoba bado ni msimu wa vimbunga huko. Kimbunga Otis kiliivunja Acapulco Oktoba 2023. Pwani iwekee Februari.

Kwa jiji lenyewe, ushauri wangu haujabadilika: chagua wiki tatu za mwanzo za Oktoba. Ukizikosa, njoo katikati ya Novemba, umati ukishaondoka na baridi haijakolea. Ukikosa na hapo, njoo wakati wa mvua, ufanye mizunguko yako asubuhi na saa kumi uwe mezani. Mwavuli usijisumbue kuubeba kutoka nyumbani. Utauziwa mlangoni mwa metro.